Ndama wa Karagwe: Maziwa, Chumvi na Maji

Ng'ombe wa pembe ndefu wa Karagwe, ndugu wa wale wa Nkore na Rwanda, hawatoi maziwa kwa mkono wa mtu peke yake. Ndama huletwa kwanza, hunyonya kidogo hadi kiwele kifunguke, kisha huvutwa pembeni na kushikiliwa karibu na mama yake wakati mkamuaji akichukua fungu lake. Mwishoni ndama hurudishiwa mabaki. Ndama akifa, mama huzuia maziwa, na mara nyingi hukauka kabisa. Ndiyo maana wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki walikuwa wakichuna ngozi ya ndama aliyekufa, wakaijaza nyasi na kumwekea mama ailambe huku akikamuliwa. Hila hiyo hufaulu kwa ng'ombe mmoja na kushindwa kwa mwingine. Kwa watu walioishi kwa maziwa, basi, ndama anayehara alikuwa hatari kwa kibuyu cha nyumba nzima, si kwake mwenyewe tu.

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipokatwa mwaka 2012. Ni nchi ya migongo mirefu ya vilima iliyotenganishwa na mabonde mapana. Juu ya migongo ni nyasi, miteremko ina migomba na mibuni, na maji yako chini, kwenye vijito, vinamasi na maziwa madogo yanayofuatana na Mto Kagera, ambao ni mpaka na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Mvua hunyesha misimu miwili. Katikati ya mwaka, Juni hadi Agosti, nyasi hukauka na ng'ombe hushushwa mbali kutafuta maji. Ndama mchanga hawezi safari hiyo. Hubaki nyumbani, na kila anachokunywa zaidi ya maziwa ya mama yake lazima kibebwe kichwani na mtu kutoka bondeni. Umbali huo wa kilima na bonde umekuwa na neno zaidi katika maisha ya ndama wa huku kuliko dawa yoyote.

Ufalme wa Karagwe ulitawaliwa na ukoo wa Wahinda, na makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Ng'ombe walikuwa mali, mahari, zawadi ya mfalme na pia alama ya ufalme wenyewe: miongoni mwa vitu vya enzi vilivyotunzwa Bweranyange mlikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma, na Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, aliona humo pia ng'ombe wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Mfalme aliyempokea alikuwa Rumanyika, yule yule aliyekuwa amewapokea John Hanning Speke na James Grant miaka kumi na minne na ushei kabla.

Speke aliwasili kwa Rumanyika Novemba 1861 na kuondoka Januari 1862. Grant, mwenye kidonda kibaya cha mguu, alibaki kwa miezi mingine. Maandishi ya Speke yamenukuliwa mno kwa ajili ya habari za wanawake wa jamaa ya mfalme waliokuwa wakinenepeshwa kwa maziwa hadi kusimama kukawa taabu. Kwa historia ya ufugaji kuna jambo jingine humo lenye uzito zaidi. Alilalamika kwamba tangu aingie Karagwe hakupata hata tone la maziwa, kwa bei wala kwa hisani. Alipouliza, aliambiwa kwamba mtu anayekula nguruwe, samaki, kuku au maharage akionja maziwa, ng'ombe watadhurika. Msomaji wa leo atatabasamu, maana Karagwe na Kyerwa sasa ni nchi ya maharage, na gunia la maharage hukaa nyumba moja na ndoo ya maziwa bila ng'ombe yeyote kupata neno. Hata hivyo mwiko huo haukuwa upuuzi mtupu. Ulipunguza idadi ya vinywa vilivyoruhusiwa kugusa maziwa, na kila kinywa kilichozuiwa kilimwachia ndama kidogo zaidi kwenye kiwele.

Katika mgawanyo wa kazi wa Wahima, wafugaji wa nchi hii, wanaume na vijana walikwenda na kundi malishoni, nao wanawake na watoto walibaki na ndama. Mmisionari John Roscoe, aliyechapisha kitabu juu ya Wanyankole mwaka 1923, aliyaeleza maisha ya namna hiyo upande wa pili wa Kagera, na Karagwe haikutofautiana sana. Wale wachanga kabisa walilala ndani, kwenye kizuizi kidogo karibu na watu. Waliosimama vizuri walichungwa na watoto karibu na boma, wakirudishwa kabla jua halijawa kali. Moto wa samadi kavu uliwaka bomani kufukuza nzi kwa moshi. Vyombo vya maziwa, vibuyu na vile vya mti viitwavyo ekyanzi, vilisuguliwa na kufukizwa moshi wa nyasi maalumu. Moshi huo ulipendwa kwa harufu yake. Hapakuwa na mtu aliyejua kwamba ulikuwa pia ukiua vijidudu.

Aliyelala chumba kimoja na ndama aliujua ugonjwa kabla haujatangazwa na mtu. Ndama, enyana kwa Kinyambo, lugha ya huku, ambaye jana aligonga kiwele kwa kichwa, leo anasimama mbali na mama yake. Mkia umelowa. Pua ni kavu, masikio yamelegea na ni baridi yakishikwa. Siku ya pili macho yanakuwa yamezama kana kwamba yamevutwa kutoka ndani. Tiba ya kwanza ilikuwa majani machungu, hasa ya omubirizi, kichaka kinachoota kandokando ya vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya mkoa wa Kagera. Yalitwangwa, yakachanganywa na maji, yakamiminwa kinywani mwa ndama kwa kibuyu chenye shingo. Omubirizi una sifa ya kweli dhidi ya minyoo, na mnyoo mmoja mkubwa, ambao ndama huupata kupitia maziwa ya mama yake, ni chanzo cha kawaida cha kuhara kati ya wiki ya pili na ya nane. Lakini kwa ndama wa siku tano anayehara maji meupe, majani hayo hayafiki penye shina la tatizo. Ikiwa alipona, huenda kilichomponya ni maji yaliyochanganywa na dawa kuliko dawa yenyewe.

Chumvi nayo haikuwa ngeni. Ng'ombe walipelekwa penye udongo wa chumvi waulambe, na chumvi ya Katwe, kule Uganda magharibi, na ya Uvinza karibu na Mto Malagarasi zilisafirishwa mbali sana katika nchi za maziwa makuu. Lakini chumvi ilikuwa ya ng'ombe mkubwa, imfanye anenepe na kutoa maziwa. Kumpa ndama mgonjwa chumvi ndani ya maji mengi ni wazo lililokuja baadaye, na lilikuja kwa njia ya kuzunguka sana.

Kabla halijafika, ulikuja msiba mkubwa kuliko yote katika historia ya mifugo ya Afrika. Sotoka iliingia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa na Waitaliano, ikashuka kusini kwa kasi ya misafara. Karagwe iliikuta kati ya 1890 na 1891, miaka ile ile Wajerumani walipofika: Emin Pasha alianzisha kituo cha Bukoba Novemba 1890, kisha yeye na Franz Stuhlmann wakapita Karagwe kwenda magharibi. Sotoka huanza kwa homa, huleta vidonda vya kinywa na machozi, halafu kuhara kusikozuilika, na mnyama hufa baada ya siku chache akiwa amekauka. Kwa maneno mengine, kundi zima lilikufa kifo kile kile ambacho wanawake wa Karagwe walikuwa wamekizoea kwa ndama mmoja mmoja, ila safari hii hapakuwa na mama wa kumnyonyesha hata yule ndama aliyepona. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilipoteza takriban ng'ombe tisa katika kila kumi.

Yaliyofuata yalidumu kuliko ugonjwa. Nyasi zisizoliwa ziligeuka vichaka, vichaka vikaleta wanyama wa porini, na pamoja nao mbung'o. John Ford, mtafiti wa mbung'o aliyeandika na R. de Z. Hall historia ya Karagwe katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1947, alikuja kuijenga hoja hiyo kwa upana katika kitabu chake cha 1971: kwamba nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o, ya karne ya ishirini ilikuwa mtoto wa sotoka. Sehemu ya nchi iliyopotea kwa vichaka haikurudi kwa wafugaji tena. Ikawa mapori ya akiba, na mwaka 2019 Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato zikatangazwa kuwa hifadhi za taifa.

Utabibu wa mifugo wa kiserikali ulizaliwa katika kivuli cha msiba huo, na tabia yake ilionyesha ulikozaliwa. Maabara ya Mpwapwa, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905, na idara ya Waingereza iliyoirithi, zilihesabu kazi yao kwa magonjwa ya kundi: sotoka, homa ya mapafu, kimeta. Kazi hiyo ilizaa matunda makubwa. Chanjo ya Walter Plowright, iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiyo iliyowezesha sotoka kutangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili katika historia baada ya ndui. Kuhara kwa ndama hakukuwa na kampeni. Hakuvuki mpaka, hakufungi mnada, wala hakuonekani kwenye ripoti ya mwaka. Ndama wa siku nne hufa kabla hajahesabiwa.

Ndigana kali ilipata uangalizi zaidi kwa sababu iliua hata wakubwa. Robert Koch aliuona mdudu wake Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, lakini akaudhania ugonjwa mwingine. Ugonjwa huu huletwa na kupe wa kahawia wa sikioni, na majosho yaliyojengwa kwa wingi baada ya uhuru yalikuwa kinga yake kuu hadi ruzuku ya dawa ilipopungua katika miaka ya 1980. Unatajwa hapa kwa sababu moja: mwishoni nao huleta kuhara, na ndama wengi wamenyweshwa dawa ya tumbo huku wakifa kwa kupe. Tofauti huonekana kwa vidole. Ndama wa ndigana kali huwa na homa kali na tezi iliyovimba chini ya sikio au mbele ya bega. Ndama wa kuhara tu huwa baridi.

Jibu la kuhara lilitafutwa kwa ajili ya watu. Mwaka 1831, kipindupindu kilipoingia Uingereza, daktari kijana William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa na kuonyesha kwamba imepungukiwa maji na chumvi. Mwaka uliofuata Thomas Latta, huko Leith, Uskoti, akawatia wagonjwa maji ya chumvi mshipani na kuwaona waliokuwa wakifa wakiinuka na kuzungumza. Ugunduzi huo uliachwa karibu usahaulike. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo hupokea sukari na chumvi kwa mlango mmoja: kila kimoja humvuta mwenzake, na maji hufuata. Mlango huo hubaki wazi hata utumbo unapovuja kwa ugonjwa. Majaribio ya Dhaka mwaka 1968, kisha kambi za wakimbizi wa Bangladesh mwaka 1971 ambako Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi kwa vikombe, yalimaliza ubishi.

Madaktari wa mifugo walikuwa karibu sana na jambo hili. Carl Oluf Jensen wa Denmark alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1890 kwamba kuhara kweupe kwa ndama husababishwa na bakteria wa utumbo. Virusi vya rota, vinavyohesabika miongoni mwa waharishaji wakubwa wa watoto, vilitambuliwa kwa ndama huko Nebraska mwaka 1969, miaka minne kabla ya kuonekana kwa mtoto wa binadamu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 pakiti za chumvi na sukari za ndama zilikuwa zikiuzwa Ulaya. Huku kwetu pakiti za zahanati ndizo zilizotangulia. Mama aliyefundishwa kliniki kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, hakuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba dawa ya mtoto wake ingemfaa na enyana.

Wakati huo huo ndama mwenyewe alikuwa anabadilika. Mradi wa kuendeleza mifugo Kagera, KALIDEP, uliosaidiwa na Uholanzi, ulizalisha mitamba chotara kwenye kituo cha Kikulula wilayani Karagwe na kuwagawia wakulima kwa mpango uliopata jina kamili kwa Kiswahili: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mkulima hakulipa fedha. Alilipa mtamba aliyezaliwa. Ndama jike akawa deni lenye miguu minne, na kifo chake kikawa kumrudisha mkopaji mwanzo.

Lakini chotara wa Friesian hutoa maziwa bila ndama kuwapo. Kifungo kile cha kale kati ya uhai wa ndama na maziwa ya nyumba kilikatika. Ndama alitengwa na mama yake, akawekwa kwenye kibanda chake na kunyweshwa kwa ndoo, na kwa mara ya kwanza akawa mshindani wa mteja: lita aliyokunywa yeye ni lita isiyokwenda Kayanga au Nkwenda kwa baiskeli. Ndama jike alilindwa na deni. Dume hakuwa na wa kumtetea, na si siri kwamba madume wengi wamedhoofishwa na ndoo nusu iliyochanganywa na maji. Ndoo pia ilileta uchafu ambao chuchu haikuwa nao. Kibuyu kilifukizwa moshi kila siku. Ndoo ya plastiki ilisuuzwa tu.

Hasara ya kwanza ya ufugaji huo mpya ilikuwa dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza. Ndama huzaliwa bila kinga katika damu yake. Theobald Smith na Ralph Little walithibitisha nchini Marekani mwaka 1922 kwamba wanaonyimwa dang'a wengi wao hufa kwa bakteria wa kawaida. Utumbo huanza kufunga mlango wake saa chache baada ya kuzaliwa, na ukipita mchana na usiku mmoja umefunga kabisa. Ndama wa kilo 30 anahitaji kama lita tatu, nyingi yake kabla ya saa sita kupita tangu azaliwe. Ng'ombe akizaa usiku na mwenyewe akangoja kukuche vizuri, muda mwingi wa ndama umekwisha.

Matunzo ya ndama aliyekauka, kama yanavyofanywa sasa na wafugaji makini wa vibanja hivi, huanza kwa kubana ngozi ya shingo kati ya vidole viwili na kuiachia. Ya ndama mzima hurudi papo hapo. Ikisimama kwa sekunde mbili hadi sita, na jicho limeacha pengo dogo kwenye ukope, amepoteza kama asilimia 8 ya uzito wake. Kwa ndama wa kilo 30 hizo ni lita mbili na nusu hivi. Kidole safi huingizwa kinywani. Akikinyonya kwa nguvu, anaweza kutibiwa kwa kunyweshwa. Kinywa kikiwa baridi na kidole kikalala tu ulimini, au ndama hawezi kusimama, utumbo hautatosha. Anahitaji dripu ya mshipani, na hapo huitwa mtaalamu wa mifugo aje kwa pikipiki na chupa zake.

Anayenyonya hupewa maji ya uvuguvugu yenye chumvi na sukari, lita moja hadi moja na nusu kwa zamu, zamu tatu au nne kwa siku: fidia ya aliyopoteza, mahitaji ya siku, na yale yanayoendelea kutoka. Pakiti ya binadamu hufaa kwa kuanzia, ingawa ndama huhitaji chumvi zaidi kidogo na kitu cha kupunguza asidi iliyojaa damuni, ambacho pakiti za mifugo huwa nacho. Maziwa hayakatwi. Ushauri wa zamani wa kumnyima maziwa siku mbili uliwaacha ndama wengi wakifa njaa baada ya kupona kiu. Sasa hupewa kama kawaida, ila mbali na maji ya dawa kwa saa mbili au zaidi, kwa sababu baadhi ya michanganyiko huzuia maziwa yasigande tumboni. Sindano za antibiotiki hutolewa kwa ndama mwenye homa, damu kwenye kinyesi au aliyelegea kabisa, nazo huharibiwa kwa kutolewa kwa kila mmoja.

Chupa ya soda, iliyochukua nafasi ya kibuyu cha shingo, ina hatari ile ile ya kibuyu. Ndama hunyweshwa akiwa amesimama au amekalia kifua, kichwa kikiwa usawa wa mgongo, chupa ikiingizwa pembeni mwa mdomo na kusimamishwa kila anapomeza. Kichwa kikiinuliwa sana, maji huingia mapafuni, na ndama aliyeponea kuhara hufa kwa nimonia wiki ijayo. Chini yake hutandikwa majani makavu ya migomba, yabadilishwe yakilowa. Usiku wa vilima vya Karagwe ni baridi, naye aliyekauka hana cha kujipashia joto. Gunia kuukuu hufungwa mgongoni.

Kinyesi huanza kushika siku ya pili au ya tatu, na pua hulowa kabla ya hapo. Siku hizo ndama hutengwa na wenzake, huhudumiwa wa mwisho, na chupa yake na ndoo huoshwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, maana kimelea kimoja cha kuhara, kriptosporidia, hakijali dawa nyingi za kusafishia lakini hakivumilii kukauka. Kibanda hufagiliwa, na samadi yote, ya mgonjwa na ya wazima, hubebwa hadi shinani mwa migomba.